Kuagiza Bunduki za Bulpapu kwa Wanunuzi wa Kiraia Marekani: Hatua kwa Hatua

Maswali ni yale yale kila mwezi, na huulizwa zaidi na ndugu zetu walioanza biashara ya silaha Marekani baada ya kupata leseni zao za kwanza za duka. Je, naweza kuagiza AUG moja kwa moja kutoka Austria? Mbona Tavor imejaa madukani ilhali nimesikia kwamba bunduki za namna hiyo zimezuiwa tangu 1989? Je, jamaa yangu aliyeko Kroatia anaweza kunitumia moja kwa DHL? Nimeamua kuandika majibu mahali pamoja, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe huufuata, kwa sababu katika biashara hii hasara nyingi hutokana na kufanya jambo sahihi kwa wakati usio wake.

Bulpapu ni bunduki ambayo magazini (kasha la risasi) na bolti (kipande kinachosukuma risasi chemba na kuifunga) vimekaa nyuma ya kifyatulio, ndani ya kitako, hivyo mtutu wa urefu wa kawaida hupatikana katika silaha fupi. Jeshi la Austria liliipokea Steyr AUG mwaka 1977, na baadaye zikafuata FAMAS ya Ufaransa, SA80 ya Uingereza, Tavor ya Israeli na VHS ya Kroatia. Mwongozo huu unahusu matoleo ya nusu-otomatiki peke yake. Silaha ya otomatiki kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi haiagizwi kwa raia kwa njia yoyote, na wala si jambo la kuombea kibali maalumu.

Sheria unayopaswa kuielewa kabla ya yote

Nitaieleza kwa kifupi, kwani bila hii hatua zinazofuata hazitaeleweka. Sheria ya kudhibiti silaha ya mwaka 1968 inaruhusu kuagiza bunduki ikiwa tu inafaa kwa matumizi ya michezo, yaani uwindaji na kulenga shabaha. Mwaka 1989, baada ya mauaji ya watoto wa shule mjini Stockton, California, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ambayo wote huiita ATF, iliamua kwamba aina 43 za bunduki za nusu-otomatiki hazikidhi sharti hilo. AUG ilikuwamo, na MAS 223, ambayo ni FAMAS ya kiraia, ilikuwamo pia. Alama zilizotazamwa ni kama kishikio cha bastola kinachojitokeza, kitako cha kukunjwa, mahali pa kufunga singe, kificha miale mdomoni na stendi ya miguu miwili. Mwaka 1998 likaongezwa zuio kwa bunduki zinazopokea magazini kubwa za kijeshi.

Mwaka 1990 Bunge la Marekani likaziba upande wa pili kwa kifungu ambacho watu wa kazi hii hukiita "922(r)". Kifungu hicho kinakataza kuunganisha, ndani ya Marekani, bunduki inayofanana na ile iliyozuiwa kuingia, kwa kutumia vipande vya kigeni. Kanuni zake zinaorodhesha vipande 20, na bunduki ikiwa na zaidi ya 10 vya kigeni kati ya hivyo, imevunja sheria. Basi Tavor na AUG unazoziona dukani zipo kwa sababu IWI, kiwanda cha Israeli kinachotengeneza Tavor, iliweka kampuni yake Pennsylvania, na Steyr ikaweka yake Alabama, zikatengeneza vipande vya kutosha hapo hapo. Hellion ya Springfield Armory, ambayo ni VHS-2 ya Kroatia katika umbo la kiraia na ilitangazwa mwaka 2022, ni mfano mwingine wa kuisoma sheria hiyo kwa makini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Leseni ya shirikisho ya aina ya 08, ambayo ni ya muagizaji. Leseni ya duka ya aina ya 01 haitoshi ikiwa kuagiza ndiyo biashara yako. Ada ya aina ya 08 ni dola 150 kwa miaka 3.
- Usajili wa muagizaji chini ya sheria ya udhibiti wa usafirishaji wa silaha, unaoombwa ATF kwa fomu 4587. Ada yake ni dola 250 kwa mwaka mmoja.
- Akaunti katika eForms, mfumo wa ATF wa kutuma fomu mtandaoni.
- Wakala wa forodha aliyewahi kupitisha silaha. Wakala hodari wa nguo na vyombo atakugharimu wiki kadhaa.
- Mchongaji mwenye mashine inayoweza kuthibitisha kina cha maandishi, au mashine yako mwenyewe.
- Futi ya chuma, ufito wa kusafishia mtutu, na trei yenye vyumba 20. Trei hiyo si utani; utaona kazi yake katika hatua ya 4.

Mtu binafsi asiye na leseni hawezi kujiagizia bunduki kutoka ng'ambo. Jamaa wa Kroatia asitume chochote, hata magazini tupu, kwa sababu vipuri vya bunduki navyo kwa kawaida vinahitaji kibali.

Hatua

1. Chunguza nchi kabla ya kuchunguza bunduki. Silaha za China zimezuiwa kuingia tangu 1994, kwa hiyo Type 97 ya Norinco, hata ukiipata kwa bei ya kutupwa, ijue kama picha tu. Tangu Septemba 2021 maombi mapya ya bunduki za Urusi hayakubaliwi. Austria, Kroatia na Israeli hazina kikwazo hicho, ila kila moja ina utaratibu wake wa kutoa ruhusa ya kusafirisha nje.

2. Pima urefu, tena upime mwenyewe. Bunduki yenye mtutu chini ya inchi 16, au yenye urefu wote chini ya inchi 26, huhesabiwa kuwa bunduki fupi chini ya sheria ya shirikisho ya silaha ya 1934 na huingia katika utaratibu mwingine kabisa. Bulpapu hukaa ukingoni mwa mipaka hii kuliko bunduki nyingine yoyote. Tavor SAR ya kiraia, kwa mfano, ina mtutu wa inchi 16.5 na urefu wote unaozidi inchi 26 kidogo tu.

Hakikisha chemba ni tupu, kisha iangalie tena. Funga bolti, ingiza ufito kupitia mdomoni mpaka uguse uso wa bolti, weka alama ya utepe pale ufito unapotoka mdomoni, uvute na uupime juu ya futi. Kifaa cha mdomoni kisipofungwa kwa kudumu, kwa kulehemu au kwa pini iliyofunikwa, hakihesabiwi. Urefu wote hupimwa kutoka ncha hadi ncha kwa mstari unaokwenda sambamba na mtutu, si kwa kufuata mteremko wa kitako. Nimewahi kumwona kijana makini akipima kwa utepe wa fundi cherehani uliopinda juu ya kitako, akapata robo inchi ambayo haikuwepo.

3. Chagua njia moja kati ya mbili. Njia ya kwanza ni kuagiza bunduki nzima ikiwa katika umbo la kimichezo linalokubalika, kisha kuibadilisha ukiwa Marekani baada ya kuingiza vipande vya kutosha vilivyotengenezwa humo. Njia ya pili ni kuagiza vipande tu, na kuviunganisha juu ya risiva ya Kimarekani. Risiva ndiyo kile kiunzi ambacho sheria hukiita bunduki yenyewe. Katika njia ya pili kumbuka kwamba risiva na mtutu wa bunduki isiyokubalika navyo haviagizwi, na tangu 2005 ATF haitoi kibali cha mitutu hiyo hata kama ni ya kuwa kipuri. Maana yake ni kwamba lazima uwe na mtengenezaji wa mtutu Marekani kabla ya kulipia hata skrubu moja ya ng'ambo.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni njia ya kwanza, mradi kiwanda kikubali kukutengenezea umbo hilo. Viwanda vidogo mara nyingi hukataa, na hilo lisikukasirishe: kubadilisha umbo la plastiki la kitako kunahitaji kalibu mpya, na kalibu ni ghali.

4. Hesabu vipande ukiwa na trei mbele yako. Orodha ya vipande 20 ni hii: risiva, mtutu, kiendelezi cha mtutu, kitalu cha kufungia mtutu, kifaa cha mdomoni, bolti, kibeba bolti, fimbo ya kuendeshea, pistoni ya gesi, kasha la mtambo wa kufyatulia, kifyatulio, nyundo, kishikizi cha nyundo, kitenganishi, kitako, kishikio cha bastola, kishikio cha mbele, bodi ya magazini, kisukuma risasi ndani ya magazini, na bamba la chini la magazini. Hakuna bunduki yenye vyote. Fungua bunduki ya mfano, weka kila kipande katika chumba chake, na uhesabu vyumba vilivyojaa.

Chukua mfano wa bunduki iliyojaza vyumba 17. Kwa kuwa vya kigeni visizidi 10, unahitaji 7 vya Kimarekani. Muagizaji mvivu atachukua magazini ya Kimarekani, ambayo peke yake ni vipande 3, kisha kifyatulio, nyundo, kitenganishi na kifaa cha mdomoni, na hesabu yake itatimia. Itatimia mpaka siku mteja atakapochomeka magazini ya kigeni aliyoinunua mtaani: vya kigeni vitaruka kutoka 10 hadi 13, na bunduki ile ile iliyokuwa halali asubuhi haitakuwa halali jioni. Kwa hiyo usiitegemee magazini. Weka kifaa cha mdomoni, pistoni, kasha la mtambo, kifyatulio, nyundo, kitenganishi na kishikio cha mbele vya Kimarekani. Ndivyo 7 hivyo, na mteja atatumia magazini anayoitaka bila kuharibu hesabu.

Bulpapu zina tatizo lake la pekee hapa. Katika nyingi, kitako, kishikio cha bastola na kishikio cha mbele vimemiminwa pamoja kama kipande kimoja kirefu cha plastiki. Utamsikia mtu akisema kwamba akitengeneza kipande hicho Marekani amejipatia vipande vitatu kwa mpigo. Usikihesabu hivyo kwa kusikia. Andikia kitengo cha ufundi cha ATF, eleza kipande, ambatisha picha, na usubiri jibu la maandishi. Mpaka litakapokuja, panga hesabu yako itimie bila kukitegemea.

5. Jaza Fomu 6. Hiki ndicho kibali chenyewe cha kuingiza. Utaandika jina la kiwanda na nchi, modeli, kaliba (ukubwa wa risasi), urefu wa mtutu, urefu wote, idadi, bei ya kila moja, na kama ni mpya au imetumika. Andika modeli kama itakavyochongwa kwenye bunduki, herufi kwa herufi, kwa sababu forodha italinganisha. Ikiwa modeli haijawahi kuingia Marekani, tegemea kuambiwa ulete mfano mmoja kwa kibali cha masharti, upelekwe kwenye kitengo cha ufundi cha ATF huko Martinsburg, West Virginia, ukakaguliwe kabla ya shehena kuruhusiwa. Usitume maombi ya bunduki 200 na ya mfano wiki moja.

6. Baada ya kibali, ndipo ulipe. Nchi za Umoja wa Ulaya hudai kuona kibali chako cha kuingiza kabla ya kutoa ruhusa ya kusafirisha, na kiwanda kitakuomba nakala yake. Muuzaji akikuhimiza umlipe yote kwanza ili asikupotezee nafasi, mpe amana ndogo yenye sharti la kurudishwa endapo Fomu 6 itakataliwa. Liandike sharti hilo kwenye mkataba. Bila hilo utabaki na bunduki zako zimelala kwenye ghala la nchi nyingine, zikikutoza kodi ya pango.

7. Safirisha. Kwa meli, taarifa za awali za usalama zinapaswa kufika forodha ya Marekani saa 24 kabla ya shehena kupakiwa. Mbao za paleti ziwe na muhuri wa kimataifa wa kutibiwa dhidi ya wadudu; naam, kontena la bunduki linaweza kuzuiwa kwa sababu ya paleti. Bandarini wakala atawasilisha kibali pamoja na Fomu 6A, ambayo ni ya kutolea na kupokelea mzigo. Idadi iliyo kwenye 6A ilingane na iliyo ndani ya masanduku, si na iliyo kwenye ankara.

8. Siku 15 za kwanza. Saa huanza kuhesabu mzigo unapotolewa forodhani, si unapofika ghalani kwako. Ndani ya siku hizo unapaswa kuchonga alama kwenye kila bunduki, kuiandika katika daftari la kuingia na kutoka, na kurudisha nakala ya 6A kwa ATF ikiwa imejazwa. Alama zinazodaiwa ni namba ya mfululizo, jina la kiwanda na nchi ya asili, modeli, kaliba, jina lako kama muagizaji, na mji na jimbo lako. Kina kisipungue inchi 0.003, na namba ya mfululizo isiwe ndogo kuliko inchi 1/16.

Wasiliana na kiwanda mapema, kwani kiwanda chenye uzoefu kitakubali kuchonga jina lako na mji wako huko huko kwa malipo kidogo, na wewe utabaki na kazi ya kukagua. Kama risiva ni ya plastiki, namba hukaa kwenye bamba la chuma lililozamishwa ndani yake. Usimruhusu mchongaji apitishe mashine kwenye plastiki inayozunguka bamba hilo.

9. Badilisha vipande, kisha hesabu tena. Fungua, weka vipande vya Kimarekani, na usirudishe umbo lililozuiwa kabla hesabu haijatimia. Mpangilio huu ni muhimu: kwanza vipande, ndipo kitako cha kukunjwa au kishikio. Kwa kila bunduki hifadhi karatasi moja inayoonyesha namba yake, vipande 7 vilivyowekwa na ankara za watengenezaji wake. Mkaguzi akija baada ya miaka minne, karatasi hiyo ndiyo utakayozungumza nayo.

10. Lipa ushuru na uuze. Ushuru wa shirikisho kwa bunduki ndefu ni asilimia 11 ya bei yako ya kuuzia, na fedha zake huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori chini ya sheria ya 1937. Bunduki unayoiuza kwa dola 1,000 inadaiwa dola 110, na anayeanza mara nyingi husahau kuziweka kwenye bei. Muagizaji anayeagiza na kutengeneza jumla ya chini ya bunduki 50 kwa mwaka husamehewa. Baada ya hapo bunduki huenda kwenye maduka yenye leseni, na mnunuzi hujaza Fomu 4473 na kuchunguzwa rekodi zake. Kwa bunduki ndefu umri ni miaka 18 kwa sheria ya shirikisho. Kwa risiva inayouzwa peke yake ni 21.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kuuza bila kutazama jimbo. California na Washington huhesabu bunduki ya nusu-otomatiki yenye urefu chini ya inchi 30 kuwa silaha ya mashambulizi, na sharti hilo linanasa karibu kila bulpapu: Hellion, hata kitako kikivutwa mpaka mwisho, haifiki 30. New York, Maryland na Illinois zina orodha zao. Tengeneza jedwali la majimbo na ulisasishe kila baraza la kutunga sheria linapomaliza vikao.

La pili, ambalo linawagusa wasomaji wetu zaidi, ni kuuza bila kutazama hali ya uhamiaji ya mnunuzi. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kununua. Mwenye viza ya muda, akiwamo mwanafunzi, kwa kawaida amekatazwa hata kuimiliki, isipokuwa awe ndani ya vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mteja wako akiwa mpwa wako mwenyewe anayesoma chuo, msimamo ni huo huo. Na asiwepo wa kuniuliza tena kama anaweza kwenda nayo nyumbani likizo: kuitoa Marekani na kuiingiza Kenya au Tanzania ni maombi mawili tofauti kwa serikali mbili, na sanduku la nguo halimo katika maombi hayo.

Mambo yakikwama

*Fomu 6 imerudishwa bila kuidhinishwa.* Soma sababu kabla ya kupiga simu. Mara nyingi ni urefu ulioachwa wazi au modeli isiyolingana na karatasi za kiwanda. Ikiwa sababu ni sharti la michezo, kurekebisha maneno hakusaidii, rekebisha bunduki.

*Idadi haikulingana forodhani.* Usifungue masanduku mengine kutafuta iliyopotea. Mwite wakala, andikeni tofauti kwenye 6A kama ilivyo, na upeleke taarifa ATF. Bunduki iliyozidi ni tatizo kubwa kuliko iliyopungua, kwa kuwa haina kibali.

*Alama haikufikia kina.* Irudie ikiwa bado iko mikononi mwako na siku 15 hazijaisha. Usifute namba ya zamani kwa namna yoyote, hata kwa nia ya kuisafisha. Ongeza kina juu ya mistari ile ile.

*Mtengenezaji wa pistoni ameishiwa.* Usiunganishe bunduki ukitumaini kwamba kipande kitafika. Iache katika umbo ililoingia nalo, iandike hivyo kwenye karatasi yake, na uifungie kabatini mpaka mzigo wa pistoni ufike.

*Mteja anayetumia mkono wa kushoto analalamika kwamba maganda yanampiga shavuni.* Hilo ni la kimaumbile katika bulpapu, kwa sababu tundu la kutolea maganda liko karibu na uso. AUG na Tavor hupokea bolti ya mkono wa kushoto. Iweke kwenye Fomu 6 ya mzigo unaofuata, kwa idadi na bei yake, kama kipuri.